Helen Taussig, daktari aliyeusikiliza moyo wa mtoto kwa vidole

Mama msomaji, mwezi uliopita, siku ya kliniki, nilipomaliza kupima watoto uzito, mama mmoja alibaki kwenye benchi mpaka wenzake wote wakaondoka. Mtoto wake ana miaka miwili na yuko kwenye foleni ya upasuaji wa moyo. Alitoa simu akanionyesha tangazo la watu wanaodai kutibu moyo wowote kwa sindano ya seli shina, bila kupasua wala kulazwa, ila ulipe kwanza. Ndugu wa mume wake walikuwa wameshaanza kuchangishana. Akataka kujua kama aitoe fedha hiyo na kuachana na foleni.

Nilimjibu pale pale kwamba foleni asiiache. Lakini jibu la kweli ni refu kidogo, na nimeona nikuandikie na wewe, maana matangazo hayo yanazunguka kwenye simu za wengi. Njia nzuri ninayoijua ya kulieleza ni kukusimulia maisha ya mwanamke mmoja, Daktari Helen Taussig wa Marekani. Kabla yake, mtoto aliyezaliwa na moyo wenye kasoro alipelekwa nyumbani akasubiriwe afe. Yeye aliona kwamba baadhi yao wangeweza kupona.

Helen alizaliwa tarehe 24 Mei 1898 huko Cambridge, mji ulio jirani na Boston. Baba yake alikuwa profesa wa uchumi Chuo Kikuu cha Harvard. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kusoma Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa pembeni ya Harvard. Helen alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne. Alipokuwa na miaka 11 mama yake alifariki kwa kifua kikuu, na Helen mwenyewe akakiugua pia, kwa muda mrefu akawa anaenda shule nusu siku tu.

Tena alikuwa na shida ya kusoma. Herufi zilimchanganya, maneno yakageuka machoni pake, na walimu wakamwona mzito wa kichwa. Siku hizi hali hiyo inaitwa disleksia, wakati ule haikujulikana. Baba yake hakumpigia kelele. Alikaa naye jioni baada ya jioni, wakasoma pamoja ukurasa mmoja mmoja. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo nyumbani, basi ujue kwamba mtoto mmoja wa aina yake alikuja kuandika kitabu kikubwa kuhusu mioyo ya watoto ambacho madaktari wa nchi nyingi walisomea.

Alisoma Radcliffe, akamalizia shahada California mwaka 1921, kisha akataka udaktari. Shule ya udaktari ya Harvard wakati huo haikupokea wanawake. Kwenye shule ya afya ya jamii ya hapo hapo aliambiwa kwamba kusoma angeruhusiwa, lakini cheti asingepewa. Akasoma masomo machache, na kwenye somo moja alitakiwa kukaa pembeni bila kuzungumza na wanafunzi wa kiume. Baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Boston, na huko profesa wake wa anatomia akampa moyo wa ng'ombe auchunguze. Yote yaliyofuata yalianzia kwenye moyo huo wa ng'ombe. Profesa huyo huyo ndiye aliyemshauri aende Johns Hopkins, mjini Baltimore, shule iliyokuwa ikipokea wanawake tangu ilipofunguliwa mwaka 1893. Akahitimu udaktari mwaka 1927.

Mwaka 1930 mkuu wa idara ya watoto, Edwards Park, alimpa Helen kliniki ya moyo kwenye hospitali ya watoto ya Harriet Lane, sehemu ya Johns Hopkins. Ulikuwa mwanzo mdogo, kwani madaktari wengi hawakuona sababu ya kuhangaika na mioyo ya watoto. Wagonjwa wengi wa kliniki hiyo walikuwa watoto ambao vali za moyo zilikuwa zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata baada ya maambukizi ya koo. Penisilini ilikuwa bado haijafika. Sisi tunayo leo, lakini bado naona mtoto anameza vidonge siku mbili, koo linapoa, vilivyobaki vinawekwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake. Mama, koo la mtoto likiandikiwa dawa, mmalizishe dozi yote.

Kisha likatokea jambo ambalo lingeweza kumtoa kabisa kwenye kazi. Akiwa kwenye miaka yake ya thelathini, masikio yalianza kumtupa mkono. Daktari wa moyo anategemea stetoskopu kusikia mapigo na mivumo, naye akawa hasikii. Alitumia kifaa cha kukuza sauti, akajifunza kusoma midomo ya watu wakiongea. Lakini zaidi alijifunza kutumia mikono. Aliweka vidole na kiganja kwenye kifua cha mtoto, taratibu, akahisi mtetemo wa damu inapopita pahali pembamba au kwenye tundu. Wengine walipokuwa wakisikiliza tu, yeye alilazimika kumpapasa mtoto, kumtazama, kumgeuza na kumwuliza mama yake maswali mengi.

Alikuwa pia na mashine ya eksirei inayoonyesha moyo ukiwa unapiga. Alimgeuza mtoto mbele, ubavu, na kwa pembeni, akaona umbo la moyo kutoka kila upande, akalilinganisha na alichokihisi kwa vidole. Watoto walipofariki alikwenda kuangalia moyo wenyewe, kuona kama alikisia sawasawa. Mwaka baada ya mwaka akaanza kuona kwamba kasoro zile hazikuwa vurugu tupu. Kila kasoro ilikuwa na mtindo wake, na mtindo huo ulitambulika mtoto akiwa hai.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu wewe unaweza kuona mengi aliyoyaona Helen, na huhitaji mashine. Mtoto mwenye shida ya moyo mara nyingi huonekana wakati wa kunyonya. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema haraka haraka, jasho linamtoka kichwani, anarudi tena kwenye ziwa, anachoka, analala kabla hajashiba. Uzito haupandi, na mstari kwenye kadi ya kliniki unalala. Wengine wanakuwa na rangi ya buluu. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute ubuluu shavuni, hautauona. Mfungue mdomo kwenye mwanga wa jua, angalia ulimi, fizi na upande wa ndani wa midomo. Angalia na kucha. Kwa mtoto mkubwa kidogo angalia ncha za vidole kama zimevimba na kuwa duara. Na angalia mtoto anayecheza hatua chache, kisha anachuchumaa mwenyewe akitafuta pumzi. Watu humwona mvivu. Helen aliona kwamba watoto wa buluu wanachuchumaa kwa sababu mkao ule unawapa nafuu, unasukuma damu nyingi zaidi kwenda mapafuni.

Ndiyo maana tunafundisha hivi: mtoto wa buluu akizidiwa ghafla, akawa mweusi midomoni na kuhema kwa nguvu, mkunje magoti yake mpaka kifuani, mtulize, na mkimbize hospitali ukiwa umemshika hivyo hivyo. Usimpe kitu mdomoni.

Sasa, watoto wa buluu walikuwa na nini? Wengi wao wana kasoro nne kwa pamoja ndani ya moyo mmoja, ambazo daktari Mfaransa aitwaye Fallot alizieleza mwaka 1888. Zilizo kubwa ni mbili: kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya kupeleka damu mapafuni imebana. Damu inashindwa kupita kwenye njia iliyobana, inapenya kwenye tundu, inarudi mwilini bila kupitia mapafuni kuchukua oksijeni. Damu isiyo na oksijeni ina weusi fulani, na huo ndio unaoonekana kwenye midomo.

Helen aligundua jambo moja la ajabu. Baadhi ya watoto hawa walizaliwa wakiwa na hali nzuri kiasi, kisha baada ya siku au wiki chache wakabadilika ghafla kuwa buluu na kufa. Mtoto akiwa tumboni ana mrija mdogo unaounganisha mshipa mkubwa wa mwili na mshipa wa mapafu. Baada ya kuzaliwa, mrija huo hujifunga wenyewe kwa sababu hauhitajiki tena. Helen akaona kwamba watoto wake waliharibika hali pale mrija ulipojifunga, na wale ambao mrija wao uliendelea kuwa wazi waliishi zaidi. Kumbe mrija ule ulikuwa ukiwapelekea damu mapafuni kwa njia ya pembeni. Kama mwili unaweza kuishi kwa sababu ya njia ya pembeni, akawaza, mbona mtu asimtengenezee mtoto njia hiyo?

Mwaka 1938 daktari mpasuaji wa Boston, Robert Gross, alikuwa amefanikiwa kuufunga mrija huo kwa mtoto ambaye kwake ulikuwa unaleta madhara. Helen akamfuata. Alimwambia kwamba kama anaweza kufunga mrija, basi ajaribu kutengeneza mwingine kwa watoto wa buluu. Gross hakuvutiwa na wazo hilo. Helen akarudi Baltimore akasubiri.

Mwaka 1941 Johns Hopkins ilipata mkuu mpya wa upasuaji, Alfred Blalock, na Blalock alikuja na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas. Naomba ulishike jina hilo la pili. Thomas alikuwa Mmarekani mweusi, fundi seremala kijana wa Nashville, mjukuu wa mtumwa. Alikuwa anaweka akiba ya kusomea udaktari, benki ikafilisika wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na akiba yote ikapotea. Alikuwa ameshachukua kazi kwa Blalock mwaka 1930, akilipwa kama mfagiaji, huku akifanya upasuaji wa utafiti.

Helen alipowaeleza hao wawili tatizo lake, alilieleza kama la bomba: maji hayafiki chumba kimoja, tafuteni namna ya kuhamisha bomba. Miaka ya nyuma, wakitafuta jambo jingine kabisa, Blalock na Thomas walikuwa wameshaunganisha kwa mbwa mshipa unaokwenda mkononi na mshipa wa mapafu. Kwa lile walilolitafuta halikusaidia kitu. Kwa watoto wa Helen, lilikuwa ndilo jibu.

Thomas alifanya kazi hiyo kwa karibu miaka miwili, kwa mbwa wapatao 200. Ilibidi kwanza awafanye mbwa wazima wawe na hali ya mtoto wa buluu, kisha awatengenezee njia ya pembeni na kuangalia kama wanapona. Vifaa vya kushona mishipa midogo namna ile havikuwepo, kwa hiyo alivitengeneza, na sindano akazikata na kuzinoa mwenyewe. Mbwa mmoja aitwaye Anna aliishi muda mrefu baada ya upasuaji, na picha yake ilikuja kutundikwa hospitalini pale.

Tarehe 29 Novemba 1944 waliingiza chumba cha upasuaji mtoto wa kike wa miezi 15. Alikuwa na uzito wa kilo 4 na kidogo, uzito wa mtoto wa mwezi mmoja hivi. Hakuwa na muda mwingi wa kuishi. Blalock alikuwa hajawahi kufanya upasuaji huo kwa binadamu, na kwa mbwa Thomas ndiye aliyekuwa ameufanya mara nyingi zaidi. Kwa hiyo Thomas alipandishwa kwenye kistuli nyuma ya bega la Blalock, akamwelekeza mshono kwa mshono. Helen alisimama upande wa kichwa cha mtoto. Walichukua mshipa unaopeleka damu mkono wa kushoto, wakaukata na kuushonea kwenye mshipa wa mapafu. Mkono haukufa, maana una mishipa mingine midogo inayousaidia.

Mtoto alipona, ingawa kwa taabu, na baada ya miezi miwili hivi alirudi nyumbani. Baadaye ubuluu ulirudi, wakajaribu tena, akafariki kabla ya kutimiza miaka mitatu. Sikufichi hilo, maana kurasa nyingi zinazosimulia habari hii huishia pale mtoto alipotoka chumba cha upasuaji. Mtoto wa tatu kufanyiwa, mvulana wa miaka sita, alibadilika rangi pale pale kitandani mara vibanio vilipoachiwa, midomo ya buluu ikawa na rangi ya damu nzima. Alipozinduka alitaka kuamka na kutembea.

Taarifa ya watoto hao watatu ilichapishwa Mei 1945 kwa majina ya Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwemo. Wakati huo alikuwa anaongeza kipato kwa kuhudumia vinywaji kwenye sherehe za Blalock mwenyewe. Johns Hopkins walimpa shahada ya heshima mwaka 1976, na leo madaktari wengi wanauita upasuaji huo kwa majina yote matatu: Blalock, Thomas na Taussig. Nami nauita hivyo.

Baada ya taarifa ile kutoka, wazazi walianza kufika Baltimore kwa treni na kwa ndege, wengine bila miadi, wamebeba watoto wa buluu mikononi. Kwa miaka michache mamia ya watoto walifanyiwa upasuaji huo. Mwaka 1947 Helen alitoa kitabu chake cha kasoro za moyo wa kuzaliwa. Alifundisha madaktari kutoka nchi nyingi, nao wakaenda kufungua kliniki za moyo wa watoto makwao. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini aliendelea kuwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi, akitaka kujua nani amesoma, nani ameoa, nani amezaa.

Upasuaji huo, hata hivyo, haukuziba tundu. Ulikuwa njia ya pembeni tu, ya kumvusha mtoto mpaka akue. Kuufungua moyo wenyewe na kuziba tundu kulianza miaka ya 1950. Huko Minnesota mwaka 1954 daktari Walton Lillehei alifanya hivyo kwa kumuunganisha mtoto na mzazi wake kwa mirija, damu ya mtoto ikapita kwenye mwili wa mzazi wakati moyo wa mtoto unashonwa. Siku hizi mashine ndiyo inayofanya kazi hiyo ya mzazi, na mtoto wa Fallot hupata marekebisho kamili. Hapa Tanzania watoto wanapasuliwa moyo kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ile njia ya pembeni bado inatumika kwa baadhi ya vichanga, ila kwa mrija mdogo wa bandia.

Kabla sijafika kwenye seli shina, kuna jambo la mwaka 1962 lazima nilisimulie. Mwezi Januari daktari Mjerumani aliyewahi kusoma kwa Helen alimtembelea, akamweleza kwamba kwao watoto wengi wanazaliwa bila mikono au miguu, na inashukiwa dawa ya usingizi inayoitwa thalidomaidi, ambayo wajawazito walipewa pia kwa kichefuchefu. Ilikuwa imeuzwa kama dawa salama isiyo na madhara. Helen alikuwa na miaka 63 na masikio mabovu. Akapanda ndege kwenda Ujerumani, akatembelea hospitali moja baada ya nyingine kwa wiki kadhaa, akawaona watoto wenyewe, akauliza mama zao walimeza nini na mimba ikiwa na wiki ngapi. Alirudi Marekani akaonyesha picha kwa madaktari, akaandika, akatoa ushahidi mbele ya Bunge. Dawa hiyo ilikuwa bado haijaidhinishwa nchini kwao, kwa sababu daktari mwingine mwanamke, Frances Kelsey, aliyefanya kazi kwenye mamlaka ya dawa, alikuwa ameikatalia. Duniani kote inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na ulemavu kwa sababu yake. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria inayomtaka mtengenezaji wa dawa athibitishe kwamba dawa yake inafanya kazi, kabla hajaiuza.

Sasa turudi kwa yule mama wa kwenye benchi.

Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu na inaweza kuzaa seli za aina nyingine. Zipo kwenye uboho, na hapo zinazaa damu kila siku. Matibabu ya seli shina za damu ni ya kweli: watoto wenye selimundu wanapandikizwa uboho, hata kwetu Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa imefanyika. Ndiyo maana tangazo linaonekana la kuaminika, maana ndani yake mna punje ya ukweli.

Moyo una tabia tofauti na damu. Msuli wake hujirudishia seli polepole mno. Watafiti wa Sweden walipima mwaka 2009 wakaona kijana wa miaka 25 anabadilisha karibu asilimia 1 tu ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee chini ya nusu ya hapo. Sehemu ya msuli ikifa, panabaki kovu, na kovu halipigi. Ndoto ya wanasayansi ni kupanda seli mpya mahali pa kovu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya kawaida ya mwili wa panya inaweza kurudishwa kuwa kama seli shina, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli ya binadamu. Kutokana na seli hizo maabara zinatengeneza seli za moyo, nazo zinapiga ndani ya kisahani. Nimeona video yake, inasisimua kweli.

Lakini kati ya kisahani na kifua cha mtoto bado kuna safari. Seli nyingi zinazodungwa hufa au huchukuliwa na damu. Nyingine hupiga kwa mdundo wake peke yake, na moyo wenye midundo miwili ni hatari. Watu wazima waliopata mshtuko wa moyo wamedungwa seli za uboho kwenye majaribio mengi, na faida ilikuwa ndogo au haikuonekana. Na mwaka 2018 Harvard na hospitali yake moja walitaka makala 31 za maabara moja iliyosifika kwa seli shina za moyo zifutwe, kwa sababu ya data za uongo. Madaktari na wagonjwa walikuwa wamejenga matumaini yao juu ya makala hizo.

Kwa watoto, Marekani na Japani wamekuwa wakijaribu seli shina kwa wale waliozaliwa na upande mmoja wa moyo haukukua. Angalia wanavyofanya: mtoto anapata upasuaji wake kama kawaida, na seli zinaongezwa kuona kama msuli utapata nguvu zaidi. Seli zinakwenda pamoja na upasuaji, si badala yake. Mtoto mwenye Fallot ana tundu na bomba lililobana. Hakuna seli ya sindano inayojua kuziba tundu au kupanua bomba. Hilo linahitaji mkono wa mpasuaji, na miezi inayopotea ukisubiri sindano ni miezi ambayo msuli wa moyo unazidi kuchoka.

Akija mtu na seli shina za moyo, muulize kibali cha mamlaka ya dawa kiko wapi, na kama ni utafiti, kibali cha maadili kiko wapi na karatasi ya ridhaa iko wapi. Utafiti halali kwa kawaida haumlipishi mgonjwa dawa inayojaribiwa. Anayetaka fedha kwanza, tena nyingi, anafanya biashara. Picha hiyo ya tangazo mletee daktari wa mtoto, usione haya. Mimi huwa nafurahi mama akiniletea kabla hajalipa.

Helen mwenyewe alistaafu mwaka 1963, mwaka uliofuata Rais Lyndon Johnson akampa nishani ya juu kabisa ya raia, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Shirika la Moyo la Marekani. Hakuacha kazi. Uzeeni alikuwa anachunguza mioyo ya ndege, akitafuta kama nao wanazaliwa na kasoro kama za watoto wake. Tarehe 20 Mei 1986 alikuwa akiendesha gari kuwapeleka wenzake kupiga kura huko Pennsylvania, akagongana na gari lingine. Alifariki zikiwa zimebaki siku nne atimize miaka 88.

Yule mama alinipigia simu wiki iliyopita. Tarehe ya mtoto kwenda Dar es Salaam imetoka, na mchango wa ndugu wa mume utakuwa nauli na chakula cha wiki za kukaa huko. Nimemwambia abebe kadi ya kliniki, karatasi zote za vipimo, na kanga ya ziada, maana wodini kuna baridi.